Dada wa kwenye benchi la kliniki, asante

Dada yangu, sikukuuliza jina. Tulikaa benchi moja kliniki ya kisukari tukisubiri kutobolewa kidole. Ukanitazama, ukasema, "Mdogo wangu, hii si sukari peke yake. Unalala?" Nikalia mbele za watu.

Miezi 4 nilikuwa naruka sindano za insulini. Dawa zilikuwepo, nilichoka kuishi kwa kuhesabu kila tonge. Nyumbani waliita uvivu. Wewe uliita sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ukaniambia nawe ilikupata. Ukanishika mkono hadi kwa daktari, ukamweleza nilichoshindwa kusema.

Daktari akasema sonona huwapata wenye kisukari karibu mara 2 kuliko wasio nacho, na ikishakupata unaacha dawa, sukari inapanda, unazidi kuzama. Kumbe! Miaka yote wananipima macho, miguu na figo, hakuna aliyewahi kuniuliza kama nalala. Hilo linaniuma hadi leo.

Sasa nachoma sindano zangu, na mshauri namwona kila baada ya wiki 2. Khanga uliyonifutia machozi ninayo, nimeifua. Naja nayo kila siku ya kliniki, nikitazama benchi lile kwanza.