Unga wa rangi mbili si tiba ya mfupa uliotoboa ngozi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu majeruhi wa bodaboda, hasa wale ambao mfupa wa muundi (mguu chini ya goti) umevunjika na kutoboa ngozi. Huku visiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria, nimeona mara nyingi ndugu wakifungua kapsuli za rangi mbili, yaani antibiotiki (dawa za kuua bakteria) za kumeza, wakamwaga unga wake kwenye jeraha lenye mchanga na nyuzi za suruali, wakalifunga kwa khanga na kusubiri kivuko cha asubuhi. Nia ni njema, ila unga ule hugandamana na damu, na uchafu ukabaki chini yake.

Hata hivyo, wazo la kupeleka dawa pale pale palipoumia si la kubezwa. Mishipa midogo ya damu ikishachanika, dawa iliyochomwa mkononi hufika kwa shida kwenye nyama iliyopondeka. Ndiyo maana wapo madaktari wa mifupa ambao, wakishaosha jeraha, kuondoa nyama iliyokufa na kushona, huchoma antibiotiki iitwayo gentamaisini, ya maji, ndani karibu na mfupa, ambako hukaa kwa wingi huku kiasi kidogo tu kikiingia katika damu, hivyo hofu ya kudhuru figo na masikio hupungua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, uliopitia kumbukumbu za mivunjiko 351 ya mifupa iliyotoboa ngozi, ulikuta maambukizi ya asilimia 9.5 kwa waliochomwa hivyo dawa za kundi la gentamaisini pamoja na dawa ya mshipa, na asilimia 19.7 kwa waliopata ya mshipa peke yake. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo mimi nayapokea matokeo hayo kwa tahadhari. Nafurahi kwamba Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) nayo imeijaribu njia hii kwa Watanzania wenyewe.

Gentamaisini ni ya bei nafuu. Lakini sindano hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji, wala haichukui nafasi ya dozi ya kwanza ya antibiotiki ya mshipa, ambayo inatakiwa itolewe mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu ajali, pamoja na kinga ya pepopunda. Mgonjwa wa Ukerewe anayeisubiri mpaka afike hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, ameshachelewa. Naziomba halmashauri zihakikishe dozi hiyo ipo katika kila zahanati na kituo cha afya kando ya ziwa, usiku na mchana, na saa iliyotolewa iandikwe kwenye karatasi ya rufaa. Ndugu nao wafunike jeraha kwa kitambaa safi, waufunge mguu kwenye ubao usichezecheze, na wasijaribu kuurudisha mfupa ndani.

Muuguzi mstaafu,
Nansio, Ukerewe