Barua kwa mpwa wangu anayetaka kufundisha kusoma majumbani

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Ngamiani. Mama yako ameniarifu kwamba, wakati ukisubiri ajira, unakusudia kuwafundisha watoto wa mtaani kusoma na kuandika kwa malipo, na kwamba umekwisha kununua ubao. Ubao ungeweza kusubiri. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo vijana wengi waliomaliza vyuo vya ualimu wenye nia kama yako, na ninalotaka kusema linawahusu nao: kazi anayokuitia mzazi mara nyingi siyo kazi anayoihitaji mtoto.

Mzazi atakuita kwa kuwa upimaji wa darasa la nne umekaribia, au kwa kuwa matokeo ya muhula yamemuudhi, na atakukabidhi madaftari ili umalizie mada zilizobaki. Siku ya kwanza yaweke kando. Mpe mtoto kitabu chake cha Kiswahili achague ukurasa mwenyewe, na huenda akausoma bila kukwama hata mama yake akatabasamu. Kisha funika picha kwa kiganja, umwonyeshe maneno mojamoja kuanzia mwisho wa mstari kurudi mwanzo. Yule yule aliyekuwa akitiririka atalikazia macho neno "mbwa", akutazame usoni, kisha aseme "mbuzi", kwa sababu herufi mbili za kwanza zinafanana na picha haipo tena ya kumsaidia. Kazi yako inaanzia hapo, hata kama mtoto yuko darasa la tano.

Wengi wa watoto hawa huenda madrasa jioni, na hifadhi yao ni ya kupigiwa mfano. Anayehifadhi sura nzima hashindwi na kurasa chache za kitabu cha darasa la pili. Siilaumu madrasa hata kidogo, maana watoto hao ndio wanaojua kuketi na kusikiliza. Ila mwalimu asiyetambua nguvu ya hifadhi hiyo hudanganyika kirahisi, akadhani anasomewa kumbe anaghaniwa.

Kiswahili chenyewe kitakusaidia. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, hivyo mtoto aliyezishika pamoja na silabi nyepesi kama ba, be, bi husonga mbele upesi. Mkwamo huja kwenye silabi zilizobeba konsonanti kadhaa, kama za maneno mbwa, nywele, ngwe na ng'ombe, na hapo usiwe na haraka. Kila siku mpe imla ya maneno machache tu, ayaandike, kisha ayasome mwenyewe kwa sauti kabla hujagusa kalamu nyekundu. Mtoto aliyeandika "nwele" akilisoma alichokiandika, mara nyingi sikio lake ndilo litakalomkosoa. Utawakuta pia wanaotenganisha vitenzi, wakaandika "ana soma" na "tuli kwenda". Usimhubirie mtoto wa darasa la tatu habari za viambishi. Mwambie atamke anasoma, alisoma, atasoma, kila neno kwa pumzi moja, halafu aliandike bila kuinua kalamu.

Wapo wazazi watakaotaka uanze na Kiingereza, na wana hoja, kwa kuwa kidato cha kwanza masomo karibu yote hufundishwa kwa lugha hiyo. Waeleze kwa adabu kwamba mtoto asiyeweza kusoma lugha anayoizungumza tangu utotoni, ambayo huandikwa karibu kama inavyotamkwa, atateseka maradufu katika lugha ambayo herufi zake hubadili sauti kila mara. Mzazi akishikilia msimamo wake, ni heri umwachie mwalimu mwingine.

Malipo mkubaliane mapema, kwa mwezi, mbele ya mzazi anayelipa. Kazi za nyumbani za shule usimfanyie mtoto hata ukiongezewa fedha. Wasizidi watano kwa wakati mmoja, la sivyo hutamsikia yeyote akisoma.

Anza na yule kijana wa jirani ambaye mama yako amenisimulia habari zake. Imla yake ya kwanza ipige picha ilivyo, bila kuisahihisha, unitumie kwa simu, nami nitakueleza ningeanza naye na silabi zipi.

Mjomba wako,
Tanga