Lenzi ya Zamani kwenye Kamera ya Dijitali: Kwa Nini Tunaomba Kuiona Kamera Kwanza

Wateja wengi hutuletea lenzi ya zamani wakiwa wamekwisha kununua adapta, yaani pete ya kuunganishia lenzi na kamera, na malalamiko yao hufanana: ua lililo mezani linatoka safi, lakini mtu aliyesimama upande wa pili wa ukumbi ni ukungu mtupu, hata pete ya fokasi ikizungushwa hadi mwisho. Mara nyingi lenzi haina kosa, wala kamera si mbovu. Kilichokosewa ni umbali kati ya mdomo wa kamera, yaani ule uso wa chuma ambapo lenzi hufungwa, na sensa, kile kidude cha ndani kinachopokea picha badala ya filamu. Kila mtengenezaji ana kipimo chake cha umbali huo, na milimita moja ikizidi, picha ya mbali imepotea.

Chukua Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58 inayopendwa kwa jinsi inavyoyazungusha mandhari ya nyuma ya mpigwa picha. Lenzi hii hufungwa kwa skrubu ya M42, yenye upana wa milimita 42, na ilibuniwa ikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kamera za Sony za mdomo wa E zina umbali wa milimita 18 tu, kwa hiyo inabaki nafasi ya milimita 27.46, ambayo pete tupu ya aluminiamu huijaza bila taabu. Kamera za Canon za mdomo wa EF zina milimita 44. Nafasi inayobaki ni nyembamba lakini inatosha, ingawa baadhi ya lenzi za M42 huchomoza nyuma kiasi cha kugusa kioo kinachonyanyuka ndani ya kamera, na jambo hilo ni lazima likaguliwe kabla ya kupiga picha ya kwanza. Zile za Nikon za mdomo wa F zina milimita 46.5, yaani zimepitiliza hata kabla ya pete kuwekwa. Ziada hiyo ya milimita moja na kidogo inatosha kuizuia Helios isione sawasawa chochote kilicho mbali zaidi ya takriban mita 3.3, na unene wa pete ukiongezeka, mpaka huo husogea karibu zaidi. Mpiga picha za harusi hawezi kuupanga ukoo mzima wa bibi harusi katika nafasi hiyo. Zipo adapta zenye kioo cha kurekebisha umbali, lakini kioo hicho hupunguza ukali wa picha, nasi hatuoni sababu ya kumuuzia mtu lenzi nzuri kisha tukaiharibu kwa kioo hafifu.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo tunayoanza nayo tunapounda lenzi mpya. Kioo cha kukuzia chenye nguvu ya daiopta 20 (daiopta ni kipimo cha nguvu ya kioo) hukusanya nuru ya vitu vya mbali kwenye umbali wa milimita 50, kwa sababu 1,000 ukigawa kwa 20 unapata 50. Kwa vitu vya mbali, kioo hicho kinapaswa kukaa takriban milimita 50 kutoka kwenye sensa. Sony inachukua 18, na bomba tunalokereza linachukua 32 zilizobaki. Ili kupiga kitu kilicho mita moja kutoka kwenye kioo, kioo kinasogezwa mbele milimita 2.6 tu, na kwa nusu mita, milimita 5.6. Ndiyo maana bomba huwa na vipande viwili vinavyoteleza, kimoja ndani ya kingine, vikiwa vimebanana vya kutosha visilegee.

Kioo kimoja kina udhaifu wake: nuru ya buluu hukutana karibu zaidi na kioo kuliko nyekundu, na kingo za picha hulainika. Kadi nyeusi yenye tundu la milimita 6 mbele ya kioo hupunguza kasoro hizo kwa kiasi kikubwa, ingawa mwanga unaoingia huwa mdogo. Anayetaka rangi zilizotulia tunamshauri atumie kioo cha mbele cha darubini mbovu, ambacho kwa kawaida ni vioo viwili vya aina tofauti vilivyogandishwa pamoja, mbinu ambayo fundi wa lenzi John Dollond aliipatia hataza London mwaka 1758. Bora kuliko vyote hivi, kwa maoni yetu, ni lenzi za mashine za kukuzia picha za filamu kwenye karatasi. Studio zilipofunga vyumba vya giza ziliziacha kabatini, na ni huzuni kuona zikitupwa, kwani zilitengenezwa kwa ukali sawa kutoka katikati hadi pembeni.

Ndani ya bomba tunapaka rangi nyeusi isiyong'aa au kugandisha kitambaa cheusi, kwa kuwa mwanga unaorudi kutoka kwenye kuta zake ndio unaoipausha picha. Kazi yote ya kukata na kukereza hufanyika mbali na kamera, na bomba huoshwa na kukaushwa kabla ya kufungwa, kwani vumbi la chuma likifika kwenye sensa ni hasara kubwa.

Unapokuja, tafadhali njoo na kamera yenyewe pamoja na lenzi au kioo chako, na utueleze unataka kupiga nini na kwa umbali gani. Kwenye menyu, ruhusu kamera ipige bila kutambua lenzi, la sivyo itakataa. Wateja wa pwani wamulike lenzi kwa tochi kwanza: nyuzi nyeupe kama utando ni kuvu, nayo husafishika ikiwa haijala tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo. Ikiwa imekwisha kulila, tutakuambia kabla hujalipa chochote.