Malalamiko: oili mliyoizidisha kwenye HiAce yangu, na maneno aliyoambiwa dereva wangu kaunta

Kwa Meneja Mkuu,
Nakala: Mkuu wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: OILI KWENYE CHUJIO LA HEWA, TOYOTA HIACE YA MWAKA 1999, INJINI AINA YA 5L

Natumaini u mzima na kazi zinaendelea. Namba ya gari na namba ya kazi zimo kwenye nakala nilizoambatanisha, kwa hiyo faili mnalo. Masharti yenu ya dhamana ya kazi mmeyabandika wenyewe ukutani pale mapokezi. Sina haja ya kuwasomea. Naanzia pale paliponiuma.

Nilipolirudisha gari kwenu baada ya servisi, msimamizi wenu wa gereji alitoa chujio la hewa kwenye boksi lake, limelowa oili mpaka karatasi zake zimelegea na kushikana. Akaja nalo mapokezi likichuruzika. Akalilaza juu ya kaunta, juu ya risiti yangu ya servisi niliyokuwa nimeitoa kumwonyesha, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la wateja: "Mama, hili siyo gari tena, ni karai la chipsi. Kalipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu." Watu wakacheka. Risiti hiyo ni ile ya kwanza kwenye viambatanisho. Doa la oili mtaliona, limefunika nusu ya nembo yenu.

Sasa nisikilizeni vizuri, Meneja. Oili ile ilikuwa yenu. Mliiweka ninyi.

Gari lilitoka kwenu jioni likiwa na oili mpya, chujio jipya la oili na chujio jipya la hewa. Risiti yenu inasema oili lita 8. Asubuhi yake, likiwa na wanafunzi, lilipoanza kupanda vilima vya Goba likakosa nguvu, likatoa moshi mweusi, na harufu ya oili ikajaa ndani, maana injini ya HiAce hii iko chini ya viti vya mbele. Watoto wakaziba pua kwa sweta zao za shule. Na kabla ya servisi hiyo gari halikuwahi kulowesha chujio. Dereva wangu ana utaratibu wa kuniletea chujio la zamani kila linapobadilishwa ili nilione kwa macho yangu, na siku zote lilikuwa na vumbi kavu la barabara, basi. Hata lile mlilolitoa ninyi mkaweka jipya lilikuwa kavu. Ninalo nyumbani.

Mafundi wenu wanajua jinsi jambo hili linavyotokea, na kama hawajui, basi hilo ni lalamiko jingine. Oili ikizidi sana alama ya juu ya dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inapozunguka inaichapa na kuifanya povu. Povu na mvuke wake vinasukumwa kwenye mpira wa kupumulia unaotoka kwenye kava ya tapeti kwenda kwenye njia ya hewa. Hapo ndipo oili inapopata mlango wa kufika kwenye boksi la chujio. Chujio la karatasi likishalowa halipitishi hewa, injini inachoma dizeli bila hewa ya kutosha, na ndiyo ule moshi mweusi. Sikatai kwamba ringi za pistoni zilizokwisha nazo husukuma oili kwenye mpira huohuo, na gari la mwaka 1999 ni haki kulishuku. Mpira wenyewe ukiziba uchafu nao huleta shida. Lakini mtu anayejiita fundi anaanza na kipimo kisichogharimu hata senti: anachomoa dipstiki, anaifuta kwa kitambaa, anairudisha, anaichomoa tena, anasoma. Pale kwenu hakuna aliyefanya hivyo. Tuliomba, na bado hakuna aliyefanya.

Badala yake nikapewa karatasi ya makadirio ya shilingi 4,600,000. Kushusha injini. Pistoni. Ringi. Gasketi. Na mstari wa tano, kwa mwandiko uleule: "Turbo, kubadilisha."

Meneja, injini ya 5L haina turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa. Ni dizeli ya cc 2,986 inayovuta hewa yenyewe, na yeyote aliyewahi kuinua kile kiti cha mbele analijua hilo. Aliyeandika mstari ule ama hakuinua kiti, ama aliinua akaona mwenye gari ni mwanamke akaamua hatajua. Chagueni wenyewe, yote mawili yanawahusu. Mlitaka kunilipisha kifaa ambacho kwenye gari langu hakipo.

Na chujio lenyewe mlilifanya nini? Mlilisuuza kwa petroli, mkalipuliza upepo wa kompresa, mkalirudisha kwenye boksi, mkanitoza shilingi 60,000 za "uchunguzi na usafishaji". Niliomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine haina mtandao, nikaandikiwa kwa mkono kwenye kikaratasi. Hicho nacho nimekiambatanisha. Chujio la karatasi lililolowa oili halioshwi, linatupwa. Fundi wa mtaani kwetu aliliinua likaelekea jua, akaniita nisogee, nikaona mwanga unapenya kwenye vitobo ambako karatasi imechanika. Yaani vumbi lote la Goba lingeingia moja kwa moja kwenye silinda, na miezi michache mbele ringi zingekwisha kweli, nanyi mngesema, si tulikwambia.

Fundi huyo hana kaunta wala benchi la wateja. Alipopokea gari alichomoa dipstiki. Oili ilikuwa juu ya alama kwa upana wa vidole viwili. Akamwaga karibu lita 2 ndipo ikashuka ilipotakiwa. Akafungua mpira wa kupumulia, akaukuta umejaa oili, akausafisha, akafuta boksi na bomba la hewa mpaka kitambaa kikatoka bila doa, akaweka chujio jipya. Halafu, kwa kuwa nilishatishwa na karatasi yenu, nikamwomba apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, unaoonyesha kama ringi ni nzima. Akatoa plagi za kupashia, akapima silinda moja baada ya nyingine, na zote nne zilikuwa sawa na nzuri. Tulipolifungua boksi tena baada ya gari kufanya kazi wiki nzima, chujio lilikuwa kavu kama lilivyotoka dukani. Ringi zangu hazina tatizo. Hazikuwa na tatizo siku mliponiambia injini imekufa.

Msiniambie dereva angepaswa kuangalia oili asubuhi ile. Gari lilitoka kwenu na stika ya "limekaguliwa" kwenye kioo. Hiyo stika mnaibandika ya nini?

Lipo jambo jingine zito kuliko pesa, na hili nataka ulisome mara mbili. Injini ya dizeli ikivuta oili nyingi kupitia njia ya hewa huweza kuichoma kama mafuta. Inapanda resi yenyewe, na hata ukizima ufunguo haizimi, kwa sababu haihitaji tena dizeli ya kwenye tangi. Mafundi wa dizeli wote wanaliogopa hilo. Ninyi mliliachia gari lile litoke getini na oili imezidi vilevile. Msimamizi wenu aliniambia, "Endelea kulitumia mpaka life, ukipata hela urudi." Endelea kulitumia. Gari la wanafunzi. Kama dereva wangu asingesimama nje ya geti lenu, akachomoa dipstiki mwenyewe, akanipigia simu na kukataa katakata kuwasha injini, lingepanda vilima vilevile siku ya pili likiwa na watoto wa watu ndani. Nililipia gari la kulivuta kutoka mlangoni kwenu. Walinzi wenu waliona.

Na hapo narudi kaunta, maana sijamaliza.

Chujio lilipowekwa juu ya risiti yangu, dereva wangu alikuwa amesimama kushoto kwangu. Ni mtu mzima, ana wajukuu, wazazi wote wa njia yetu wanamwita babu. Alivua kofia. Akasema kwa upole, "Samahani mwanangu, hebu tuangalie kwanza kiwango cha oili, maana ndiyo kwanza mmeiweka." Msimamizi wenu hakumtazama hata usoni. Akajibu, "Mzee, kazi yako ni usukani. Ungekuwa unajua injini usingekuwa unaendesha karai la chipsi." Watu wakacheka tena. Oili ilikuwa imeanza kutambaa juu ya kaunta, ikafika kwenye mkono wa shati lake jeupe la kazi. Akatoa leso, akafuta kaunta yenu kwanza, ndipo akafuta shati lake. Akasema, "Basi, mwanangu." Akarudi nyuma.

Alifuta kaunta yenu, Meneja! Na ndiye aliyekuwa sahihi. Angesikilizwa kwa dakika moja tu, jambo lote lingeishia pale kwa kumwaga lita 2 za oili na kuniomba radhi, nami ningewashukuru na kuondoka.

Mmoja wa waliokuwa kwenye lile benchi ni mzazi wa mtoto anayepanda gari langu. Keshoye akamtoa mwanawe. Wengine wakafuata baada ya kusikia kwamba gari la watoto limeitwa chuma chakavu na gereji kubwa. Wale waliobaki nilikodi gari jingine la kuwapeleka shule mpaka langu lilipopona. Mzazi akisikia neno kama hilo hasubiri kuonyeshwa vipimo vya kompresheni.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka mambo mawili tu: mnirudishie gharama ya servisi pamoja na zile shilingi 60,000. Nikasema nitawapa siku 14, kwa heshima. Lakini kila nikiandika aya moja naona nilikuwa nawaonea huruma msiyoistahili. Kwa hiyo nataka pia mnilipe gari la kuvuta, kazi ya fundi na chujio jipya, na kodi ya gari nililowapakilia wanafunzi. Stakabadhi zote zimeambatanishwa. Nataka barua yenye mhuri wenu na sahihi yako wewe, si ya mtu wa mapokezi, inayosema wazi kwamba tatizo lilisababishwa na oili mliyoizidisha na kwamba injini ya gari langu ni nzima. Barua hiyo nitawapelekea wazazi. Nataka ile karatasi ya makadirio yenye turbo mniandikie kwamba imefutwa, na mnieleze ni magari mangapi ya 5L mmeshayauzia turbo.

Na nataka msimamizi wenu amwombe dereva wangu radhi. Si kwa simu. Aje, au dereva wangu aje kwenu, na aombe radhi pale pale kaunta, mchana, benchi likiwa na watu, kwa sauti ileile aliyotumia. Hili halina mbadala wa pesa. Msiniletee vocha ya servisi ya bure. Gari langu halitaingia tena kwenye geti lenu.

Zile siku 14 nimezifuta. Nawapa siku 7 tangu barua hii ipokelewe na kugongwa mhuri. Zikipita bila majibu ya maandishi, faili hili lote, pamoja na chujio lenyewe kwenye mfuko wake, nalipeleka Tume ya Ushindani (FCC), ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina kazi ya kumlinda mlaji dhidi ya watu wanaouza huduma kwa maelezo ya uongo. Kile kikaratasi cha shilingi 60,000 kitakwenda Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa kuwa kutoa risiti ya EFD ni sheria, na mimi niliidai mbele ya mashahidi. Na wenye magari ya wanafunzi wa njia yetu, ambao wengi wao servisi wanafanya kwenu, nitawaonyesha mstari wa tano wa karatasi yenu ya makadirio, nao watajiamulia.

Dereva wangu ameniomba niyaache yaishe. Nimemkatalia.

Nasubiri majibu yako kwa maandishi.

Mmiliki wa HiAce tajwa,
Goba, Dar es Salaam

Viambatanisho: risiti ya servisi (yenye doa), karatasi ya makadirio, kikaratasi cha shilingi 60,000, stakabadhi za fundi, za gari la kuvuta na za gari la kukodi, picha za dipstiki na za chujio.