Dawa za Baba na Saa za Chakula

Leeds, Uingereza

Mpendwa Kaka,

Nakusalimu wewe, shemeji, watoto na wote walioko nyumbani Kisumu. Mimi ni mzima na kazi ya uuguzi inaendelea vyema. Mama amenieleza kwamba Baba anataka kuacha dawa zake za ugonjwa wa Parkinson kwa kuwa haoni faida yake. Nakusihi usimkubalie, kwani kuziacha ghafla kunaweza kuukaza mwili na kupandisha homa kiasi cha kuhatarisha uhai wake.

Ugonjwa huu, ambao daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817, hautokani na kurogwa, wala si uzee tu. Ndani ya ubongo zimo seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuongoza, na seli hizo zinakufa polepole. Ndiyo maana mkono wa Baba hutetemeka ukiwa umelala pajani, kisha hutulia kidogo anapouinua, na uso wake hauonyeshi furaha hata anapofurahi. Wajukuu waelezwe kwamba hajawakasirikia. Levodopa, dawa anayomeza Baba, haiponyi ugonjwa, lakini ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini, na hakuna dawa nyingine ya kumeza inayoushinda uwezo wake wa kulegeza mwili.

Nadhani tatizo liko mezani. Baba humeza kidonge cha asubuhi pamoja na chai ya maziwa na mayai, na cha mchana katikati ya ugali na samaki. Protini ya vyakula hivyo na levodopa hupita mlango mmoja kutoka utumboni kuingia damuni, na mlango mmoja tena kuingia ubongoni, kwa hiyo samaki akitangulia, dawa hubaki nje ikisubiri zamu. Ameze kwa maji nusu saa kabla ya kula, au saa moja baadaye. Kichefuchefu kikimsumbua, ale kipande cha kiazi kitamu pamoja na kidonge. Samaki asinyimwe hata kidogo, maana amekonda.

Mkienda duka la dawa, msikubali apewe metoklopramidi ya kuzuia kutapika, kwani huzuia kazi ya dopamini na humzidishia kukakamaa kwa mwili. Semeni waziwazi kwamba ana Parkinson.

Akikwama mlangoni kana kwamba nyayo zimegandishwa sakafuni, msimvute mkono, ataanguka. Asimame, apumue, kisha ahesabu moja, mbili, na kupiga hatua kubwa. Mstari wa utepe uliobandikwa sakafuni mbele ya mlango humsaidia mgonjwa kuuvuka.

Kabla ya siku ya kliniki, naomba uandike daftarini saa aliyomeza dawa, saa aliyokula, saa mwili ulipolegea na saa ulipokaza tena. Daktari atapanga kipimo kwa kutazama saa hizo, na mimi nitakupigia Jumapili jioni ili unisomee.

Mdogo wako akupendaye