Barua kwa mdogo wangu anayeomba kusomea sheria Marekani: iondoe ile aya ya tatu

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, wenye kusoma wasome. Mama ameniambia fomu ziko tayari, unasubiri tu Septemba dirisha la maombi lifunguliwe. Hongera. Nakupongeza kwa moyo mweupe, maana najua ulivyohangaika na LSAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria. Mimi ndiye niliyekushikia saa, dakika 35 kila sehemu, wewe hutaki hata maji. Na ulivyoruka uliposikia kwamba kuanzia Agosti 2024 mafumbo ya mantiki yanaondolewa, zinabaki sehemu za hoja na ufahamu! Alama zako zinatosha. Walimu wako wameshatuma wenyewe barua zao za kukupendekeza kwa LSAC, wale wanaokusanya nyaraka za waombaji, kama inavyotakiwa, na matokeo ya vyuo vyote umeyaagiza, hata kile ulichosoma muhula mmoja ukaacha. Hapo sina neno.

Ila ile insha ya kujieleza.

Ulinipa karatasi mbili, pale mezani kwa mama, ukasema, "Dada, niangalizie makosa ya lugha tu." Nikasoma hadi aya ya tatu. Umeandika kwamba ulikaa kando ya kitanda cha baba ukimsomea hukumu ya kesi ya shamba, na ulipofika "rufaa imetupiliwa mbali" akakushika mkono, akasema soma tena. Mdogo wangu, mkono ule ulikuwa wangu. Wewe ulikuwa bwenini na mitihani yako, na hakuna aliyekulaumu. Habari hiyo uliipata kwangu, kwa simu, usiku, nikilia. Hata miwani yake iliyofungwa uzi umeiweka humo, nawe hukuwahi kuiona. Uzi ule niliufunga mimi, wiki ileile.

Nilipokuuliza, ukanijibu bila hata kuinua macho: "Wanataka hadithi, dada. Nani atauliza?"

Kauli hiyo imenikaa kooni hadi leo.

Watauliza. Mwisho wa fomu unathibitisha kwa sahihi yako kwamba uliyoyaandika ni kweli. Tena hayaishii hapo. Ukimaliza miaka mitatu na kuomba uwakili, jimbo litakuchunguza mwenendo, na maombi yako ya leo yanaweza kufukuliwa na kulinganishwa na utakayoyasema siku hiyo. Wapo waliokwama kwa sababu ya jambo walilolificha, wakati lenyewe lingesamehewa kama wangelisema mapema. Unataka kuapa mbele ya mahakama za watu, halafu unaanza hivi?

Najua unachosema kwa watu, kwamba nina wivu kwa kuwa mimi sikusoma. Nilibaki kwa sababu ilibidi mtu abaki. Dawa za baba zilitoka kwangu, nauli zako zilitoka kwangu, na sikukudai hata siku moja. Vitu vya baba tuligawana vyote, na saa yake nilikuachia wewe. Jioni ile sikuigawa.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ya kwako unayo. Yule mama aliyekuja pale ulipokuwa ukijitolea kwenye msaada wa kisheria, na notisi ya kuhamishwa iliyokunjwa hadi ikachanika mikunjoni. Mawakili wana foleni. Wewe ukazihesabu siku kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, ukagundua mwenye nyumba kazipunguza. Ulinisimulia umesimama, chakula kinapoa, mikono yote hewani. Sijawahi kukuona umewaka vile. Andika hayo. Watakaosoma watamwona mtu anayeifuata karatasi hadi tarehe ya mwisho, na ndiyo kazi yenyewe. Kurasa mbili zinatosha.

Kama ni lazima baba awemo, sema dada yako ndiye aliyemsomea, nawe ukasikia kwa simu ukiwa mbali, ukashindwa kulala. Hiyo ni kweli, na ni yako.

Vyuo vingi huamua maombi kadiri yanavyoingia, kwa hiyo usikawie. Lakini usiitume ilivyo. Niletee rasimu mpya, nitaisoma yote, si lugha tu. Mama anadhani hatuongei kwa sababu umebanwa na masomo. Nimemwacha adhani hivyo, kwa sasa.

Dada yako.