Barua kwa mwanangu: unalala?

Mwanangu,

Mwenzako wa chumba kanambia taa yenu haizimwi mpaka alfajiri. Kusikia kwa mtu baki kumeniuma. Unalala saa ngapi?

Hadithi yako ya popobawa, lile jini la usiku, nimeisoma mara mbili, nikamsomea na bibi yako. Nimejivuna nayo. Lakini yule msichana umemfanya aongope kwa kusudi, na hapo hukumtendea haki. Ramadhani ile ya 1995 tulilala nje mtaa mzima, kwenye majamvi, moto unawaka. Ilisemwa aliyefikwa akinyamaza hurudiwa, basi kila asubuhi watu wakasema. Ikafika zamu yangu, wote wananitazama. Nikasema nimesikia kucha zikikwaruza bati. Huenda lilikuwa tawi la mwembe. Wallahi, nilipolitamka ndipo nilipolisikia. Binti wa jirani hakuingia tena chumbani kwake miezi mizima kwa neno lile, na sote tumeshazaa, tunaonana sokoni, sijamwambia.

Ndiyo maana yule mlezi wa watoto katika kitabu cha Henry James, The Turn of the Screw, ulichonisimulia kwa simu, mimi siwezi kumwita mwongo. Mhadhiri wako na aseme atakavyo. Pale ziwani yeye anamwona marehemu ng'ambo, na Bi Grose, mtunza nyumba, kasimama ubavuni mwake haoni kitu. Lakini tazama hali yake: kijana, mgeni, nyumba kubwa, usiku anakesha, na tajiri kamwekea sharti asimsumbue kwa lolote. Angemwandikia nani? Hofu ikikosa wa kuambiwa hujitafutia sura. Na mtoto wa kiume akamfia mikononi.

Wewe nawe hulali, na unasema hutaki kunisumbua. Nani kakuwekea sharti hilo? Kama ni mimi, kwa yale niliyokufokea ulipochagua fasihi, basi yamekwisha. Andika mchana. Usiku ulale.

Karafuu tumeanika, mvua inatuchezea, kutwa kuanua na kuanika. Kaka yako kaahidi kupigilia bati la jikoni tangu mwezi jana. Jumamosi nakuletea samli na achari kwa boti. Chupa uirudishe, ni ya bibi yako. Ukipokea nipigie, hata kama ni usiku wa manane. Mimi pia niko macho.

Mama yako